Albatrosi: Jina la Ndege na Mzigo wa Baharia

Msomaji, huenda umewahi kusoma katika gazeti la Kiingereza ya kuwa deni fulani, au kiongozi fulani, amekuwa albatrosi shingoni mwa nchi yake. Maana ikusudiwayo ni mzigo mzito usioweza kutuliwa. Hukutana na usemi huo katika insha za wanafunzi wangu pia, nao hunikera kidogo, kwa sababu wausemao wameisahau nusu ya habari yake.

Tuanze na jina. Waingereza walilipata kwa Wareno na Wahispania, waliosema alcatraz, wakimtaja kwalo mwari na ndege wengine wakubwa wa baharini. Mwanzo wake sikio la Mswahili hulitambua mara moja: ni al ile ile ya alfajiri na alasiri. Kwa hiyo wataalamu huutafuta mzizi katika Kiarabu, lakini hawapatani. Wengine hutaja al-qadus, ndoo ya gurudumu la kutekea maji, kwa kuwa mwari huchota maji kwa mfuko wa mdomo wake. Wengine hutaja al-ghattas, mpiga mbizi. Mimi naipenda ile ndoo, ila kupenda si ushahidi. Waingereza nao wakageuza alca kuwa alba, yamkini kwa kukumbuka neno la Kilatini lenye maana ya weupe, wakampa jina hilo ndege mwingine kabisa, wa bahari za kusini, ambaye aliye mkubwa wa jamii yake hukunjua mbawa hata mita 3.5. Huko California jina la kale lilishika njia yake, likabaki katika kisiwa cha Alcatraz, kilichokuwa na jela mashuhuri toka 1934 hata 1963. Usishangae, neno letu gereza lilianza safari yake likiwa kanisa kwa Wareno.

Na mzigo je? Huo haukutoka kwa Waarabu wala kwa Wareno. Ulitoka kwa Samuel Taylor Coleridge, katika utenzi wake wa baharia mzee uliochapishwa mwaka 1798. Wako wasemao ya kuwa tangu zamani mabaharia wote waliogopa kumwua ndege huyu; lakini Joseph Banks, aliyesafiri pamoja na Cook, aliandika mwaka 1769 jinsi walivyompika na kumla kwa furaha.

Soma utenzi wenyewe kwa makini. Ndege atokea katika ukungu, merikebu ikiwa imezingirwa na barafu. Mabaharia wampokea kama mgeni, wampa chakula. Barafu yapasuka, upepo mwema wavuma. Ndipo baharia ampiga mshale, wala hatuambiwi sababu. Wenzake kwanza wamlaumu. Ukungu ukiondoka, wamsifu. Shwari iwanasapo na kiu iwakaushapo ndimi, wamgeukia tena na kumvika mzoga shingoni, mahali pa msalaba.

Hapo ndipo nitakapo utue kidogo. Waliomhukumu ni wale wale waliokwisha kukiridhia kitendo chake. Ndege hakuwa mzigo. Alikuwa mgeni aliyeuawa na wenyeji wake. Kimwelemeacho baharia ni tendo lake mwenyewe, na juu yake woga wa wenzake watakao lawama yote ikae katika shingo moja. Kwa hiyo mtu aliyerithi deni asilolikopa hana albatrosi yoyote, hata gazeti likisema anaye. Aliyelikopa anaye, na waliolila pamoja naye, kisha wakamnyoshea kidole, nao wamo katika utenzi huo.

Tena mzoga ule haukuondolewa na mkono wa mtu. Usiku mmoja baharia aliwatazama nyoka wa baharini waking'aa kandokando ya merikebu, viumbe aliowachukia hapo kwanza, akaona uzuri wao, akawabariki pasipo kukusudia. Saa ile ile ndege akamdondoka shingoni, akazama. Sehemu hiyo sijaikuta bado katika insha hata moja.