Bei ya Shuti la Mbali: Jinsi Jim McGuinness Alivyoijenga Donegal

Jim Gavin aliinoa Dublin kwa misimu 7, kuanzia 2013 hadi 2019, na akatwaa ubingwa wa Ireland wa mpira wa Kigaeli mara 6. Katika muda wote huo alipoteza mchezo mmoja tu wa ubingwa. Ilikuwa nusu fainali ya tarehe 31 Agosti 2014, uwanja wa Croke Park, na waliomtoa ni Donegal ya Jim McGuinness. Matokeo: 3-14 kwa 0-17. Ukiuelewa mchezo ule mmoja, umeielewa kazi nzima ya McGuinness, pamoja na kilichomkuta miaka 11 baadaye.

Kwanza tuelewane kuhusu hesabu. Timu ina wachezaji 15. Mpira unashikwa kwa mikono, unapigwa kwa mguu au kwa ngumi, na mwenye nao haruhusiwi kupita hatua nne bila kuudundisha au kujigongea kwa mguu. Milingoti ina umbo la herufi H. Kwa sheria za wakati huo, mpira uliopita juu ya mtambaa wa panya ulikuwa pointi moja. Ukiingia wavuni, chini yake, ni goli, nalo lina thamani ya pointi tatu. Kwa hiyo 3-14 ni magoli matatu na pointi 14, jumla 23. Dublin walipata 17 bila goli hata moja. Hapo ndipo penye siri.

McGuinness alizaliwa mwaka 1972 huko Glenties, mji mdogo wa kaunti ya Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland. Mwaka 1992, akiwa na miaka 19, alikuwa kwenye kikosi kilichoipa Donegal ubingwa wake wa kwanza wa Ireland kwa kuifunga Dublin 0-18 kwa 0-14. Baadaye akawa kiungo wa timu hiyo, lakini miaka yake uwanjani haikuzaa matunda: baada ya 1992 Donegal haikutwaa tena hata taji la jimbo la Ulster mpaka yeye alipokaa kwenye benchi la ufundi. Alisoma sayansi na saikolojia ya michezo, na goti lilipomstaafisha macho yake yakahamia kwenye ukocha. Mwaka 2010 aliwafikisha vijana wa Donegal chini ya miaka 21 fainali ya Ireland, wakafungwa na Dublin kwa tofauti ndogo. Mwaka huohuo akakabidhiwa timu ya wakubwa, timu iliyokuwa imetoka kupigwa vibaya na Armagh.

Alianza na ukuta. Mpira ulipopotea, karibu wote walirudi nyuma ya mstari wa mita 45 kutoka golini kwao, wakaziba njia za katikati na kumwacha adui azungushe mpira pembeni. Mshambuliaji aliyejaribu kupenya alikutana na wawili au watatu. Amri ilikuwa kukaba bila kucheza faulo, maana faulo karibu na lango ni pointi ya bure. Kwa ufupi, Donegal waliwaambia wapinzani: ukitaka kupiga, piga kutoka mbali.

Katika nusu fainali ya 2011 dhidi ya Dublin, ukuta huo ulifikia kilele chake, na kasoro yake ikaonekana mchana kweupe. Hadi mapumziko Donegal waliongoza 0-4 kwa 0-2. Walimaliza wamefungwa 0-8 kwa 0-6. Mshambuliaji Colm McFadden aliachwa mbele karibu peke yake. Kila mpira uliotoka nyuma ulimkuta amezungukwa. Wachambuzi wa televisheni waliwashambulia kwa kuua mchezo. Wengi walichosahau ni kwamba mwaka uleule timu hiyo ilibeba Ulster baada ya ukame wa miaka 19.

Mwaka 2012 McGuinness hakuubomoa ukuta, aliuwekea mlango. Mpira ukipokonywa, mabeki Karl Lacey, Frank McGlynn na Anthony Thompson walichomoka mbio wakitokea nyuma, wakati wapinzani wote wamepanda juu. Hilo linadai mapafu yasiyochoka, na hawa ni wachezaji wa ridhaa, wenye kazi zao za mchana. Kisha akaongeza mtego wa pili. Katika fainali dhidi ya Mayo, watu walikuwa wamekaa wakisubiri mbio hizo. Badala yake, dakika ya tatu, Lacey alipiga mpira mrefu wa juu kwa nahodha Michael Murphy aliyesimamishwa karibu na lango. Murphy akaudaka, akageuka, akafumua wavuni. Dakika ya 11 McFadden akaongeza la pili. Mchezo uliisha 2-11 kwa 0-13, ubingwa wa pili katika historia ya Donegal.

Novemba ya mwaka huo Celtic, klabu ya soka ya Scotland, ilimchukua kama mshauri, mwezi uleule ambao Victor Wanyama wa Kenya aliifunga Barcelona kwa kichwa akiwa na jezi ya klabu hiyo. Kazi mbili kwa pamoja, Celtic na Donegal, si mchezo: mwaka 2013 Mayo walilipa kisasi kwa 4-17 dhidi ya 1-10.

Sasa turudi Agosti 2014. Dublin walianza kwa kupiga kutoka mbali, Paul Flynn na Diarmuid Connolly wakizipata pointi moja baada ya nyingine, wakaongoza 0-9 kwa 0-4. Kocha mwoga angewapandisha mabeki. McGuinness hakuwapandisha. Alijua kwamba kila shuti la mbali, hata likipita, linaleta moja tu, na kwamba Dublin wakishapanda wanaacha uwanja mtupu mbele ya kipa wao. Kipa Paul Durcan akawa anapiga goli kiki ndefu hadi katikati, Neil Gallagher na wenzake wakigombea, na wakimbiaji wakiokota mpira uliodondoka. Ryan McHugh alifunga mawili kwa njia hizo, McFadden moja. Donegal waliuza pointi moja moja, wakanunua tatu tatu.

Kerry, wapinzani wao wa fainali, walikuwa wakitazama. Katika fainali nao walirudi nyuma, wakakataa kupanda kama Dublin, na mlango wa Donegal ukakosa pa kufungukia. Goli la pili la Kerry lilitokana na goli kiki fupi ya Durcan iliyonaswa na Kieran Donaghy. Ikaisha 2-9 kwa 0-12. Oktoba McGuinness akajiuzulu, na baadaye akaenda kufundisha soka China na Marekani.

Aliporudi Donegal kwa msimu wa 2024 alitwaa Ulster papo hapo, na tena 2025. Lakini mwaka 2025 soko lilikuwa limebadilika. Kamati ya kurekebisha mchezo ilikuwa imeleta sheria mpya: kila timu lazima ibakize wachezaji watatu katika nusu ya adui, na shuti linalopita juu ya mtambaa wa panya kutoka nje ya tao la mita 40 linahesabiwa pointi mbili. Mwenyekiti wa kamati hiyo? Jim Gavin.

Fainali ya tarehe 27 Julai 2025 ilikuwa tena dhidi ya Kerry. Donegal walilinda eneo lao, wakawaachia wapinzani nafasi nje, kama zamani. David Clifford wa Kerry aliitumia nafasi hiyo kwa mashuti ya pointi mbili mbili, na Kerry wakaondoka na ushindi wa 1-26 kwa 0-19.

Hukumu yangu ni hii. McGuinness hakuwa kocha wa kujilinda, alikuwa mfanyabiashara wa nafasi: aliuza kilichokuwa rahisi ili anunue kilicho ghali, na hakuna aliyeijua bei kuliko yeye. Siku ile ya 2025 hakushindwa kwa kusahau kazi yake. Alishindwa kwa sababu shuti la mbali lilikuwa limepanda bei, naye akaendelea kuliuza kwa bei ya 2014.