Chama ni Nani? Mgomo na Wagomaji katika Riwaya ya Sembène Ousmane

Riwaya ya Sembène Ousmane, Les bouts de bois de Dieu (1960), yaani vijiti vya Mungu, wengi wetu huisoma kama hadithi ya wafanyakazi wanaomchukia mwajiri. Tunapanga wahusika, mnyonyaji huku na mnyonywaji kule, tunataja ukombozi wa tabaka la chini, tunafunga daftari. Usomaji huo si wa uongo, ila hautufikishi mbali. Kwa maoni yangu, mgomo katika riwaya hii unabadili zaidi namna watu wanavyokitazama chama chao kuliko wanavyomtazama Mzungu wa reli.

Tukio lenyewe ni la kweli. Wafanyakazi Waafrika wa reli ya Dakar-Niger waligoma tarehe 10 Oktoba 1947, wakarudi kazini Machi 1948. Walidai haki sawa na wenzao wa Kizungu, ikiwemo posho ya familia. Sembène, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa kuli wa bandarini Marseille, anakigawa kisa chake kati ya Bamako, Thiès na Dakar.

Hebu tuanze na mwajiri. Chuki dhidi yake ilikuwapo zamani. Doudou, mmoja wa viongozi wa mgomo, anakumbuka walivyodai dakika 10 kama Wazungu, Isnard akajibu ati wakajigeuze Wazungu kwanza. Wakati wa mgomo Isnard huyohuyo anamwendea Doudou na ahadi ya faranga milioni tatu ili awasaliti wenzake. Doudou anakataa. Mgomo haukumfundisha kwamba Isnard ni mbaya, maana hilo alilijua. Ulimfundisha kwamba Isnard anamhitaji. Aliyenyimwa dakika 10 sasa anabembelezwa kwa mamilioni!

Sasa chama. Hapo ndipo penye uzito. Huko Bamako, mzee Diarra anarudi kazini, na Tiémoko, ambaye ni jamaa yake, anamfungulia mashtaka mbele ya umma. Hivi chama kina mamlaka gani ya kumhukumu mzee? Ukumbi unajaa, wanawake nao wanatoa ushahidi. Mwishoni Fa Keïta anawaasa wasije wakafanana na wale wanaowapinga, na watu wanaondoka bila kumpiga. Siku ile chama kinaacha kuwa mahali pa kulipia ada, kinakuwa baraza la watu, na baraza hilo linajua kujizuia.

Pili ni njaa. Mfereji ukifungwa na duka likikataa kukopesha, anayeubeba mgomo ni mama wa nyumbani ambaye hana kadi ya chama. Ramatoulaye anamchinja kondoo wa kaka yake tajiri ili watoto wale. Penda, aliyedharauliwa na mji mzima, anagawa chakula kwa wagomaji, kisha anawaongoza wanawake kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar. Wanaume waliozoea kusema "chama ni sisi" wanalazimika kuuliza: sisi ni nani?

Hata hivyo kazi hii ina udhaifu. Penda anapigwa risasi mlangoni mwa Dakar, na kifo chake kinamwondolea mwandishi taabu ya kutuonyesha wanawake watakuwa na kauli gani chamani baada ya ushindi. Isitoshe, Bakayoko anakuzwa mno, hata inakuwa vigumu kumpinga.

Msomaji wa Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, inayohusu mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948, ataona tofauti. Kule mwamko unapitia zaidi kwa mtu na mwalimu wake, Rashidi na Bakari. Kwa Sembène chama chenyewe ndicho kinachopelekwa shule.

Na suala hili si la Senegali peke yake. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilivunjwa, ikaundwa NUTA kwa sheria, na katibu mkuu wake akawa ndiye Waziri wa Kazi. Mfanyakazi akawa na chama ambacho hakukilalia njaa. Chama cha namna hiyo anaweza kukikatia ada maisha yake yote asikiite chake. Ndiyo maana riwaya hii isisomwe kwa ajili ya mtihani tu.