Ufundi wa Kushuka

Ukitaka kumjua mwendesha baiskeli wa huku Kilimanjaro, usimtazame akipanda. Kutoka Himo kwenda Marangu baiskeli ya gia moja yenye mzigo hukokotwa, na anayekokota hachekwi na mtu. Mtazame akishuka.

Nilikuwa nimejipangia kwenda Mwika na kurudi Moshi kwa siku moja, zaidi ya kilomita 80, kwa Phoenix yangu nzito. Jioni ya kuamkia safari niliipeleka kwa fundi mmoja mzee anayefanyia kazi chini ya mti, si mbali na soko la Mbuyuni.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Wapi huko?"

Nikamwambia Mwika. Hakuuliza kama miguu yangu inaiweza safari. Aliuliza, "Utarudi na kitu?" Nikasema labda mkungu wa ndizi. Akaipindua baiskeli ikasimama kwa usukani na kiti, gurudumu la mbele asiliguse, akaanza na la nyuma.

Baiskeli za aina hii, iwe Raleigh ya Nottingham au Phoenix ya Shanghai, kwa desturi huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Aliyepiga hesabu hiyo alijua mzigo utakaa wapi. Wengi wetu hudhani spoku zinabeba kama nguzo za nyumba. Nguzo gani nyembamba vile? Spoku ni waya; ukiisukuma inapinda. Kazi yake ni kuvuta. Zote 40 zinaivuta ringi kuelekea katikati, nusu zikivutia kulia na nusu kushoto, na ringi hunyooka kwa kuwa hakuna upande unaoushinda mwenzake. Kila spoku ikifika chini, karibu na ardhi, hulegea kidogo. Ikiondoka hapo hukaza tena. Gurudumu la inchi 28 hutembea mita 2 na ushei kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kilomita 80 ni mizunguko zaidi ya 35,000. Ndiyo maana spoku hukatika njiani bila kugonga jiwe wala shimo.

Meku hana kipimo chochote. Alizungusha gurudumu, akaegemeza mkono kwenye fremu na kuusogeza ukucha wa dole gumba mpaka ukabaki mwanya wa karatasi kati yake na ringi. Ringi ilipogusa ukucha, akasimamisha. Akakaza spoku ya upande wa pili kwa robo mzunguko wa spana, akalegeza jirani zake kidogo, akazungusha tena. Fundi mwenye pupa hukaza tu. Gurudumu hunyooka kweli, mteja hulipa akaenda zake, na baada ya siku tatu limekuwa yai. Meku alikuwa akitoa huku akirudisha kule, na kila mara sauti ya ukucha kukwaruzwa ilipungua.

Nilidhani amemaliza. Kumbe bado. Alianza kuzipigapiga spoku kwa kidole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu nyuzi za zeze. Iliyotoa sauti ya chini kuliko wenzake aliirudia. Saa nzima ilipita, na katikati yake aliziba pancha mbili za watu wenye haraka. Sikumsikia akisifia kazi yake. Aliponikabidhi baiskeli alisema tu kwamba raba za breki bado zina maisha, ila nisiziamini mvua ikinyesha.

Niliondoka saa 12 asubuhi. Kiboriloni, Uchira, hadi Njiapanda ya Himo, njia ni ya kawaida na haina la kusimulia. Baada ya hapo nilikokota sehemu kubwa hadi Marangu, nikapitwa na wanafunzi waliokuwa wakitembea.

Inayochosha kweli ni barabara ya kutoka Marangu kwenda Mwika na Rombo, maana haiupandi mlima, inauzunguka ubavuni. Maji yanayoteremka kutoka msituni yamechimba mabonde, basi kila bonde unashuka hadi darajani na kupanda ng'ambo. Aliyewahi kupita pwani yenye vilima ataitambua: unachokipata kwenye mteremko unakilipa kwenye mpando unaofuata. Bahari ya huku ni nyika. Mkono wa kulia, migomba ikiacha mwanya, tambarare la Taveta limelala kule chini, na nyuma yake milima ya Pare ikisimama kama visiwa.

Sokoni Mwika nilinunua mkungu wa mchare, ndizi ya mtori. Nikaufunga kwa kamba, nikajiona nimemaliza. Kijana mmoja aliyekuwa akipakia mikungu yake mitatu aliutazama, akasema, "Kaka, huo utakuangusha kona ya kwanza." Akaufungua bila kungoja jibu. Alitandika majani makavu ya mgomba kwenye keria, akaulaza mkungu ukakaa chini kadiri ulivyoweza, kisha akaubana kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Kamba, alinieleza, ikilegea imelegea; mpira hufuata mzigo. Akautikisa mkungu na baiskeli nzima ikatikisika pamoja nao. Hapo ndipo aliporidhika.

Niliongozana na yule kijana. Mvua ilitukuta Marangu, tukashuka pamoja. Kilo 100 zikiteremka mita 1,000, na kutoka lango la hifadhi pale Marangu hadi Himo ni karibu kiasi hicho, zinaachia nguvu ya kuchemsha lita 3 za maji. Upepo huchukua sehemu yake. Kwa anayeshuka polepole na mzigo, iliyobaki, tena nyingi, humezwa na vipande vinne vya raba vinavyosugua ringi ya chuma. Na chuma kikilowa, raba huteleza: unabana breki na baiskeli inaendelea kana kwamba hukusema kitu.

Kijana alilijua hilo kwa mikono yake. Muda mrefu kabla ya kona alibana kidogo na kuachia, akabana tena na kuachia, mpaka raba ziifute ringi. Breki ya kweli aliikamata baadaye, ringi ikiwa imekauka. Hakungoja mwendo ukolee ndipo ashindane nao. Alikuwa akiubana tangu juu, kidogo kidogo, ule ule mwendo wa Meku na spana yake. Palipokuwa pakali zaidi aliteremka akatembea, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukivuta keria nyuma. Mimi niliyekuwa na mkungu mmoja nilikuwa nimeng'ang'ania breki mpaka vidole vikafa ganzi.

Bodaboda zimechukua sehemu kubwa ya mizigo ya namna hii, na sizilaumu. Mgongo wa mtu si wa chuma. Ila pikipiki ina injini ya kusaidia kuzuia mwendo. Hawa wa baiskeli wana ringi iliyonyooshwa kwa ukucha, mipira ya tyubu, na subira.

Nilifika Moshi saa 2 usiku. Hakuna spoku iliyokatika. Mkungu ulikuwa pale pale ulipofungwa.

Nawe dereva unayeshuka Himo mvua ikiwa imetoka kunyesha, ukimkuta mbele yako mtu wa baiskeli na ndizi zake, usimpigie honi. Mwachie nafasi. Breki zake bado zina maji.