Nyayo Juu ya Paa: Taharuki katika Filamu Fupi ya Wanafunzi wa Karatu

Neno "hatari" ni letu, lakini sinema mashuhuri yenye jina hilo si yetu. Hatari! ya Howard Hawks, iliyotolewa mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika ya kaskazini, John Wayne akiwa kiongozi wa kundi la wageni wanaokamata wanyama wa kupelekwa katika bustani za ng'ambo. Hatari yote humo ni ya mgeni. Yeye ndiye anayemfukuza kifaru, yeye ndiye anayejeruhiwa, na yeye ndiye ambaye mtazamaji anatakiwa kumhofia. Mwenyeji yupo, pembeni. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuwa wamekwisha kutengeneza filamu yao ya Serengeti, ambayo mwaka 1960 ilipata tuzo ya Oscar. Michael alifariki Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na magari ya watalii hulipita kaburi lake kila siku. Twaiheshimu kazi hiyo pamoja na msiba wake. Hata hivyo, tangu siku hizo kila kamera ipandayo njia ya Karatu kuelekea kreta hutarajiwa kumtafuta mnyama.

Kwa sababu hiyo twaona inafaa kuijadili filamu ya dakika kumi na mbili iliyotengenezwa kwa simu ya mkononi na wanafunzi wa sekondari moja wilayani Karatu. Tuliombwa kuyapitia mazungumzo yake, kisha tukaitazama ilipokamilika. Ni hadithi ya kutisha isiyo na simba hata mmoja. (Mwalimu mmoja alishauri simba awemo. Wanafunzi wakamjibu kwamba ada ya kuingia hifadhini ingezimaliza fedha zote, na jibu hilo latushinda kulipinga.)

Kisa chenyewe ni chepesi. Msichana amebaki nyumbani na bibi yake mgonjwa pamoja na ng'ombe wawili. Kaka yake amekwenda mnadani. Jioni ukungu unashuka kutoka milima ya Ngorongoro, na katika ukungu huo sisi watazamaji tunaonyeshwa viatu vya mpira vyenye tope jekundu, kisha uso wa mwenye viatu: ni mjomba wa msichana, amekuja kuiba. Msichana hajui. Anasikia nyayo tu, na nyayo hizo ziko juu ya kichwa chake.

Hapa msomaji wa pwani au wa bara ya mbali anahitaji maelezo. Zamani, kwa kuhofia wavamizi wa mifugo, hasa Wamasai, Wairaqw, ambao wengi wetu huwaita Wambulu, walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima. Paa la miti na udongo lililingana na ardhi ya juu, na watu na mifugo wakalala chini pamoja. Adui aliweza kupita asijue kwamba anakanyaga paa. Wanafunzi walipata ruhusa ya kupiga picha katika nyumba ya namna hiyo iliyojengwa upya kwa ajili ya kuonyeshwa wageni. Udongo unadondoka kidogo kidogo ndani ya chungu cha uji. Bibi anaufunika uji kwa kiganja, hasemi kitu. Sinema nyingi za magari na bastola hazikupata kututia hofu kiasi hicho.

Alfred Hitchcock, bingwa wa sinema za namna hii, aliyefariki mwaka 1980, alikuwa akieleza tofauti ya mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Likilipuka ghafla, mtazamaji hushtuka kwa muda mfupi. Akijulishwa mapema kwamba lipo, naye akawaona watu wakizungumza mambo ya kawaida mezani, hutaabika muda wote. Wanafunzi wetu wasidhani kwamba hayo ni maarifa ya kigeni. Waikumbuke ngano ya zimwi aliyemfungia msichana ndani ya ngoma, akazunguka nayo vijijini akiipiga ili msichana aimbe, hata akafika kijijini kwao. Hadhira yajua tangu mwanzo sauti hiyo ni ya nani. Zimwi anakirimiwa, watu wanacheza, na watoto wanaosikiliza hawakaliki.

Filamu hii inafika kileleni kwa njia hiyo hiyo. Msichana, akitetemeka, anampigia mjomba simu ili aje awaokoe. Simu inalia juu ya paa. (Wapo watakaouliza mtandao wanaswaje chini ya udongo, sisi hatuulizi.) Wasomaji wa riwaya zetu za upelelezi wataikumbuka Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, ambayo jina lake peke yake lilitufundisha kuiogopa simu. Lakini hapa kinachoogopesha si chombo. Ni neno "mjomba". Kwa mila zetu nyingi mjomba ndiye mtu wa kukimbiliwa, na binti analitamka neno hilo kwa imani yote. Hakuna tafsiri ya lugha ya kigeni ambayo ingelihifadhi.

Hofu inayotoka ndani ya nyumba si ngeni katika sinema yetu. Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill mwaka 1985, haifiki dakika arobaini, nayo yasimama juu ya hofu ya mwanamke mmoja kwa waganga wa jadi. Vijana hawa hawakuwa wameiona. Twasikitika, maana haionyeshwi mashuleni.

Bibi anazungumza Kiiraqw bila maandishi ya tafsiri. Baadhi ya walimu walilalamika. Sisi twaona wanafunzi walifanya sawa, kwa kuwa maneno yake ni machache na mikono yake inaeleweka.

Dakika mbili za mwisho ndizo zinazoiangusha filamu. Baada ya simu kulia, polisi anatokea kusikojulikana, anafoka kwa Kiingereza, bastola ya mbao inachomolewa, na muziki wa mitambo unaufunika ukimya ambao kazi yote ilikuwa imeujenga. Tulipouliza sababu, kijana mmoja alisema kwamba bila bastola watu hawataiita sinema. Hapo ndipo kasumba ilipo. Kijana huyo amezaliwa chini ya mlima Oldeani, anajua tembo washukapo usiku kutoka msituni kula mahindi ya baba yake, anajua kunyamaza kunavyokuwa wakati huo. Lakini ameaminishwa kwamba hofu halali ni ile iliyokwisha kupigwa picha na wengine.

Siku ya maonyesho watazamaji walishangilia bastola, hatuwezi kuficha. Lakini simu ilipolia juu ya paa, ukumbi ulinyamaza kabisa, na mama mmoja wa makamo akasema kwa sauti, "Usipande, mwanangu!" Filamu ilipokwisha, mama huyo huyo aliuliza ng'ombe walipona au hawakupona. Wanafunzi wakatazamana. Katika kukimbizana na polisi walikuwa wamewasahau.