Hongera, mafundi saa wa Schwarzwald

Huko Schwarzwald, kusini-magharibi mwa Ujerumani, saa ya jadi ya ukutani haihitaji betri. Uzani wa chuma wenye umbo la tunda la msonobari hushuka taratibu kwa mnyororo, magurudumu yenye meno yakazunguka, na timazi ikabembea kushoto, kulia, ikiyapimia mwendo.

Saa ikitimia, mivukuto miwili midogo hupuliza filimbi mbili, kimlango kikafunguka, ndege akaita: ku-ku!

Mwaka 1850 Robert Gerwig alikuwa mkuu wa kwanza wa shule ya mafundi saa mjini Furtwangen. Mwaka huohuo Friedrich Eisenlohr alibuni saa yenye umbo la kibanda cha reli linalopendwa hadi leo.

Mafundi saa wa Schwarzwald wanastahili pongezi: mmoja huchonga majani ya mzabibu kwenye mbao, mwenzake husawazisha gurudumu la shaba.