Madumu Manne na Mwezi Mpevu

Mtoto wa kwetu Morotonga, kandokando ya hifadhi, huonywa maji kabla hajafundishwa kuogelea. Mto Mara una mamba, Grumeti una mamba, na kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe hakuna wa kukuopoa. Ndiyo maana tulipotangaza kwamba likizo ya Juni tutakwenda Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, watu watano kujifunza kupanda mawimbi kwa ubao, jirani yetu hakuuliza nauli. Aliuliza, "Sasa Baba, hao watoto unawaingiza baharini na nini?"

Lilikuwa swali la vifaa, na wengi hulijibu kwa kwenda dukani. Sisi tuliangalia mwezi kwanza.

Paje ina mwamba wa matumbawe uliokaa mbali na ufuko. Mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi huvunjikia huko, na ndani yake hubaki maji mapana ya kina kifupi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ndio kwanza unaandama, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo Unguja maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, na aliyeamka na ubao kwapani hujikuta anatembea juu ya mchanga mtupu. Lakini saa ya maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa hesabu hiyo, kuanzia siku ya nne hadi ya saba baada ya mwezi mpevu maji hujaa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne. Mwezi wa Paje ndio huohuo wa Morotonga. Tuliuhesabu tukiwa uani, tukapanga safari kwa kuufuata.

Kisha upepo. Juni ni msimu wa kusi, unaovuma kutoka kusini-mashariki. Upande wa Paje humrudisha mtu ufukweni. Upande wa magharibi wa kisiwa humpeleka kilindini. Mtoto wa kilo 25 aliyelala juu ya ubao mwepesi ni kama tanga. Hilo peke yake lilitosha kutuchagulia pwani.

Hapo ndipo tulipofika kwenye ubao wenyewe. Kipimo cha kwanza si urefu wala rangi, ni ujazo, yaani lita. Chukua dumu tupu la lita 20, lifunge, lisukume chini ya maji: nguvu inayokurudishia mkono juu ndiyo itakayokubeba. Kila lita ya maji ya bahari inayosukumwa pembeni hubeba zaidi kidogo ya kilo moja. Mimi nina kilo 82, kwa hiyo nahitaji madumu manne hivi chini ya kifua changu. Ubao mfupi mgumu wa mabingwa, wenye lita 30 hivi, ni dumu moja na nusu. Bingwa huuweza kwa sababu wimbi lenye kasi humbeba. Mimi ningelala juu yake nusu nimezama.

Tuliyekwenda kukodi ubao kwake alitutolea huohuo mfupi mgumu, akasema ndio wa kisasa. Tulimshukuru, tukaomba ubao laini wa povu wa futi 8, unaokaribia lita 80, wenye mapezi ya mpira. Ulaini una maana yake: anayejifunza huanguka mara nyingi, na mara nyingi ubao ndio humrudia kichwani. Kamba ya mguuni tuliichukua yenye urefu sawa na ubao. Ikiwa fupi, ubao hukurudia kwa kishindo. Ikiwa ndefu mno, hukuzonga miguu.

Kwa watoto tulichukua mbao mbili fupi za kulalia, za aina aliyoibuni Tom Morey huko Hawaii mwaka 1971. Ubao wa namna hii, ukisimamishwa wima, ufike kitovuni. Hauhitaji kusimama, na anayeulalia huliona wimbi akiwa usawa nalo. Mbao za tiara, zinazovuta wageni wengi Paje, tuliziacha. Hizo zinataka siku kadhaa za mafunzo.

Watu watano, mbao tatu. Hatukubana matumizi. Mbao zikiwa pungufu, lazima wawili wabaki wamesimama majini: mmoja anamshikia anayepanda, mwingine anahesabu vichwa.

Kanuni ya mzigo ilikuwa hii: kinachovaliwa nunua bara, kinachokubeba kodi pwani. Ubao wa futi 8 hauingii kwenye buti la basi. Tulifungasha fulana za mikono mirefu, za kuzuia jua na michubuko, na viatu vya mpira vinavyobana kisigino, maana kwenye mwamba wamo viumbe wa miiba mirefu myeusi, na kandambili huchukuliwa na wimbi la kwanza.

Tulikosea kwenye majaketi okozi. Tuliyanunua Musoma, kwenye duka la zana za uvuvi. Ni imara, lakini yalishonwa kwa mtu anayekaa mtumbwini. Povu nene la kifuani lilimwinua mtoto kwenye ubao, akawa anateleza kama samaki kwenye sinia. Tena ukiyashika mabegani na kuyavuta juu, yalipita kidevu, dalili kwamba ni makubwa. Tulikodi mengine membamba siku ya pili.

Kosa jingine lilisahihishwa na mwenyeji. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Maji yakijaa, vijiti na kamba zao havionekani. Mama mmoja alitupungia mkono: "Wanangu, hapo mpo shambani kwangu!" Sisi tunaotoka kandokando ya hifadhi tunajua uchungu wa kuamka na kukuta tembo amelala kwenye mtama wako. Mchana, maji yalipopwa, tulirudi kuangalia mashamba yanaishia wapi, tukachagua mlango wa mchanga.

Kitinda mimba wetu hakusimama kwenye ubao hata mara moja. Siku ya kwanza aliogopa kulowesha nywele. Siku ya nne wimbi lisilozidi goti lilimbeba kutoka mkononi mwa mama yake hadi mchangani, akageuka, akaurudisha ubao mwenyewe, kamba ikimfuata.

Jirani, tuliwaingiza na ubao huo.