Kicheko na Haki ya Kujibu: Kuitazama Upya Filamu ya "The Gods Must Be Crazy"

Sifa nazo ni kileo. Twalisema neno hili kwa kukusudia, kwa kuwa makala haya yalizaliwa mahali paitwapo Kileo, kwenye tambarare iliyolala chini ya milima ya Upare. Mtu aliyekunywa sifa za kitu kabla ya kukiona hukifikia akiwa amekwisha kulewa: ama atakipenda bila kukipima, ama atakichukia kwa sababu tu hakikulingana na alivyoahidiwa. Ulevi wa namna ya pili ndio uliotupata sisi mbele ya filamu moja ya vichekesho, nasi tukaishi na hukumu ya ulevi huo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Filamu yenyewe ni "The Gods Must Be Crazy", jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kusema "Miungu Imerukwa na Akili". Iliongozwa na Jamie Uys, Mzungu wa Afrika Kusini, ikatoka mwaka 1980. Na ilipoingia Marekani mwaka 1984 ilionyeshwa huko kwa miezi mingi. Sisi tuliiona Moshi mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipofika kwa kanda ya video. Kabla ya siku hiyo tulikuwa tumekwisha kusimuliwa habari zake na watu wasiopungua kumi. Kila mmoja aliapa kwamba tutavunjika mbavu. Mmoja alituonya tusile kitu kabla ya kwenda. Tukalipa kiingilio, tukabanana bencini, tukangoja mbavu zivunjike. Hazikuvunjika. Tulitoka tumenuna, na tangu hapo kila aliyeitaja filamu ile mbele yetu alijibiwa neno moja: takataka.

Kwa faida ya msomaji asiyeiona, kisa chake ni hiki. Rubani wa ndege ndogo anatupa chupa tupu ya Coca-Cola, nayo inaanguka katika jangwa la Kalahari, kwa ukoo mmoja wa Wasani, wawindaji ambao msimulizi anatuambia kwamba hawajui kama duniani kuna watu wengine. Wanadhani chupa ni zawadi ya miungu. Inalainisha ngozi, inatwanga, inapulizwa ikatoa muziki. Lakini ni moja tu na wanaoitaka ni wengi, basi ugomvi unaingia mahali ambapo haukuwahi kuwapo. Xi, anayechezwa na N!xau, anaamua kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Njiani anakutana na Andrew Steyn, mtaalamu anayechunguza kinyesi cha tembo na anayepotewa na akili kila akaribiapo mwanamke. Na Kate Thompson, aliyeacha kazi ya gazeti mjini ili akafundishe shule Botswana. Na kundi la wapiganaji wa msituni chini ya Sam Boga, waliokimbia baada ya kushindwa kuipindua serikali ya nchi ya kubuni.

Hapo penye Sam Boga ndipo tulipokasirika. Sisi tulikuwa vijana wa nchi ambayo tangu mwaka 1963 ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kongwa tuliijua kuwa mahali walipopata mafunzo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwamo wa SWAPO na ANC. Mazimbu, Morogoro, tuliijua kuwa mahali pa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Namibia, nchi ya N!xau, ilikuwa ingali mikononi mwa makaburu. Haikupata uhuru mpaka tarehe 21 Machi 1990. Na hapa tulikuwa tumeletewa filamu kutoka kwa Mzungu wa nchi hiyo hiyo ya ubaguzi, ambamo mpiganaji wa msituni ni mpumbavu anayecheza karata na kuteka watoto wa shule. Tena ilipouzwa nje ilitambulishwa kuwa ya Botswana, ikapenya hata mahali ambapo bidhaa za Afrika Kusini zilikuwa zimesusiwa. Hasira yetu ilikuwa ya haki. Kosa letu ni kwamba tuliiacha ikawa mwisho wa kufikiri kwetu.

Nafasi ya pili ililetwa na mwalimu wa Kiswahili wa shule moja ya sekondari huko Kileo. Wanafunzi wake walikuwa wamesikia sifa za filamu hii kutoka kwa wazazi wao, naye akatualika tuitazame pamoja nao, kisha tuseme tunayoyajua. Twakiri kwamba tulikwenda na hotuba iliyokwisha kuandikwa moyoni. Lakini spika ziligoma kabisa. Mwalimu hakutaka kuwarudisha watoto, wengine wao wakiwa wametembea mbali, akaamua picha ziendelee bila sauti mpaka fundi apatikane. Basi nusu ya kwanza tuliitazama kimya.

Kimya kile ndicho kilichotufungua macho. Bila msimulizi, yule mtu aliyekuwa mbele yetu hakuwa tena mfano wa kitu fulani. Alikuwa mchezaji. N!xau anaiokota chupa kwa uangalifu wa mtu anayeokota yai. Anairusha juu kuirudishia miungu, inarudi chini, naye anaitazama kwa haya, kama mgeni aliyekataliwa zawadi aliyopeleka. Hakuna kiungo chake kinachofanya haraka isiyo na sababu. Kila hatua ina kipimo, na uso wake hausihi mtazamaji acheke. Hatukumbuki kuona utulivu wa namna hiyo ila kwa Charles Chaplin, ambaye katika "The Gold Rush" ya mwaka 1925 alikula kiatu kilichochemshwa kwa adabu zote za mtu aliyealikwa karamuni. Watoto wa Kileo walicheka, lakini kicheko chao kizito kilimwendea Steyn, mtaalamu mwenye gari lisilo na breki, anayehangaika kufungua geti huku gari likimkimbia. Xi hawakumcheka sana. Walimwangalia.

Fundi akaja, sauti ikarudi, na mwalimu akairudisha filamu mwanzo. Mambo yakabadilika papo hapo. Juu ya picha zile zile ikapanda sauti ya Kiingereza, tulivu na yenye uhakika, ikitueleza Xi anawaza nini, anaogopa nini, na anaamini nini. Wasani wanazungumza kwa lugha yao, nasi tunasikia midoko yake, lakini maneno yao hatuyapati ila yamekwisha kupitia kinywani mwa bwana huyo. Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyosha mkono. "Mzee," akauliza, "huyu anayesema ni nani, na nani amemtuma?"

Hotuba yetu yote ilikuwa ndogo kuliko swali hilo. Anayesema ni Paddy O'Byrne, na sauti hiyo ilikuwa imekwisha kufanya kazi kama hiyo kabla. Mwaka 1974 Jamie Uys alitoa filamu juu ya wanyama na mimea ya majangwa ya kusini mwa Afrika, "Animals Are Beautiful People", na msimulizi alikuwa huyo huyo. Humo alitueleza kwa mzaha mawazo ya nyani na ndege, na hapakuwa na ubaya, maana nyani hawezi kujisemea. Miaka sita baadaye namna ile ile ya kusimulia ikahamishwa kwa binadamu. Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya filamu hii, nasi hatukuiona mara ya kwanza, kwa kuwa macho yetu yote yalikuwa kwa Sam Boga.

Wala si kasoro ya heshima peke yake, ni ya ukweli pia. Mwaka huo huo 1980 John Marshall, Mmarekani aliyewapiga picha Wasani hao kwa miaka mingi, alitoa filamu ya mambo halisi juu ya mwanamke aitwaye N!ai, mkazi wa Tsumkwe. Humo tunaona watu waliofungiwa kwenye eneo dogo, wanaotegemea unga wa posho, wanaougua kifua kikuu, na ambao vijana wao wanaandikishwa katika jeshi la Afrika Kusini. Tunaona hata wapiga picha wa filamu ya Uys wakiwa kazini papo hapo. Basi watu ambao ulimwengu uliambiwa kwamba hawajawahi kuona mgeni walikuwa wakipanga foleni ya posho ya mgeni. Malipo ya N!xau kwa kazi ile yaliripotiwa kuwa dola mia chache tu, ilhali filamu ilikusanya mamilioni. Alifariki dunia mwaka 2003.

Je, turudi basi kwenye neno letu la zamani? La. Twahitaji kipimo kilicho bora kuliko hasira, na kipimo hicho tunacho nyumbani. Ni utani. Mchagga akimwambia Mpare kwamba ni bahili, na kwamba yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, Mpare hamshiki koo. Humjibu kwa habari za Mchagga na fedha, na wote wawili wakacheka. Watani huja msibani wakafanya vituko ambavyo mtu mwingine angevifanya angefukuzwa. Sheria ya utani ni moja: anayetaniwa ana haki ya kujibu. Ukimtania mtu aliyefungwa kinywa, huo si utani tena, ni matusi.

Tuipime filamu kwa sheria hiyo. Kwanza tuitendee haki: Uys hakuwacheka Waafrika peke yao. Mwanzoni kabisa anawatania watu wa mji mkubwa, wanaoishi kwa kengele na saa, wanaolazimika kila dakika kuonekana wana shughuli. Mtaalamu wake ni kituko kuliko wote. Xi anapolipwa ujira wake kwa noti anazitupa, na mwenye noti mfukoni akicheka hapo anajicheka mwenyewe. Hayo ni utani halali, na ni mazuri. Tuliyanyima sifa yake kwa miaka thelathini, nasi tunaomba radhi.

Ila Wazungu wa filamu hii wanataniwa wakiwa na vinywa vyao. Steyn hujieleza, hukanusha, huona haya. Xi hajibu. Ipo sehemu moja tu ambapo filamu yenyewe inakaribia kuligundua jambo hilo. Xi, asiyejua mifugo, anampiga mshale mbuzi wa watu, anakamatwa na kufikishwa mahakamani. Anahukumiwa kwa lugha asiyoijua na kwa sheria ya mali asiyowahi kuisikia. Mkalimani wake, Mpudi, anafahamu kwamba mtu ambaye hajawahi kuona ukuta atakufa akifungwa ndani ya kuta nne. Ukumbi wa Kileo ulikuwa kimya hapo, na hatudhani ni kwa bahati. Watoto wa Upare wamekua wakisikia utani wa kesi; wanajua kwamba kesi, hata ya kuku, ina maana pale tu pande zote mbili zinaposikiwa. Kwa dakika chache vichekesho vinageuka ushahidi, kisha filamu inaogopa na kukimbilia tena mizaha ya magari.

Tusidhani kwamba kosa hili ni la makaburu peke yao. Nchi yetu ina Wahadzabe wa kandokando ya ziwa Eyasi na Wasandawe wa mkoa wa Dodoma, ambao lugha zao nazo zina midoko. Ni mara ngapi tumewasikia watani wa mjini wakiiga midoko hiyo, bila Mhadzabe hata mmoja kuwapo ajibu? Vichekesho vyetu vya Kiswahili navyo vimempenda mtu wa shamba aliyepotea mjini tangu zama za "Muhogo Mchungu", filamu ya miaka ya 1950 ambayo Rashidi Kawawa aliicheza kabla hajawa kiongozi wa wafanyakazi na baadaye Waziri Mkuu. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka tujivunie yaliyo yetu. Kujivunia huko hakuna maana ikiwa baadhi yetu tunabaki kuwa picha tu katika hadithi zinazosimuliwa na wengine.

Hukumu yetu sasa ni hii. "The Gods Must Be Crazy" si ajabu ya dunia kama tulivyoahidiwa, wala si takataka kama tulivyosema. Ni hadithi ya uongo iliyobebwa na mchezaji wa kweli, na anayeitupa yote anamtupa N!xau pamoja na waliomtumia. Kwa walimu wanaotaka kuionyesha, ushauri wetu ni mdogo: anzeni bila sauti. Wanafunzi wamwone kwanza mtu. Kisha fungueni sauti, mngoje mkono wa kwanza unyoshwe. Yule msichana wa Kileo hakuwa amesoma kitabu chochote cha uhakiki wa filamu. Alikuwa tu amemtazama Xi kwa muda wa kutosha hata akakataa kusemewa kwake.